Alama ya Kidole Gumba

Waliokuwapo kiwanjani Tononoka ni hawa: Injinia Saif bin Zein, mpimaji wa udongo; dada yake Bi Mwanakuu, mwenye kiwanja; Mwalimu Zakariya, aliyeletwa kusoma dua; na Tsuma, mchimbaji.

Shimo lilikuwa la mita mbili. Saif alishuka kwa ngazi, akakandamiza kidole gumba kwenye ukuta wa shimo, kama alivyofanya kazini miaka arobaini. Udongo wa mfinyanzi ulio laini humeza kidole. Huu ulipokea ukucha tu.

"Hapa hapa tuweke msingi," alisema. "Utabeba ghorofa tatu."

Jumatatu alikuta tundu kando ya alama yake. Kidole gumba kizima kilikuwa kimezama pale.

"Tsuma, ni wewe?"

"Mimi, Injinia? Sururu yenyewe yaruka, sembuse kidole changu!"

Saif akatia chake. Mlikuwa na joto. Harufu ya asumini ikamjia, asumini ya kwenye mto wa kulalia wa marehemu mkewe, Nabiha. Kisha kitu kikakibana kidole kwa upole, kama mtu apokeaye mkono. Tangu Nabiha azikwe, miaka mitatu, hakuna aliyemshika hivyo. Nyumbani huandaa kikombe kimoja.

Mwalimu Zakariya aliposimuliwa, akateremsha sauti. "Huyo ni jini, Saif. Lifukieni shimo hili. Ukimpa mkono mara ya pili, hakuachi."

"Kaka, tujenge upande ule," Bi Mwanakuu akanong'ona. "Nakuomba."

"Kesho tutalifukia," akasema Saif.

Jumanne alasiri alimtuma Tsuma chai, akashuka peke yake. Matundu yalikuwa matano, yametanda kama kiganja. Alijua aliloambiwa, na akalikumbuka neno kwa neno huku akiingiza vidole, kimoja kimoja, na udongo ulioirusha sururu ukampokea hadi kiganja, hadi kifundo, hadi kiwiko, laini na wenye joto, na asumini ikajaa shimo zima hata pumzi ikawa haba, na ule mkono wa ndani ukamshika, ukamvuta taratibu, na shavu lake likagusa ukuta, naye hakupiga kelele.

"Nabiha?" alinong'ona.

"Injinia!" Tsuma aliita kutoka juu. "Chai yapoa!"

Ilimchukua Tsuma saa nzima kuutoa mkono wa Saif kwa sururu, kwani udongo ulikuwa mgumu vilevile.

Injinia Saif bin Zein alifariki Jumanne, saa kumi na robo alasiri.