Nilimlaza Mama Hospitali kwa Maneno

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mkulima wa korosho hapa Newala. Naandika haya mama yangu akiwa uani anapeta mbaazi, mzima wa afya. Uzima wake huo ndio unaonitesa...

Mwaka jana binti yangu Zuhura alichumbiwa na mwalimu wa kule Lulindi. Kwetu baba wa binti hana neno la mwisho, mwenye neno ni mjomba. Na mjomba wa Zuhura alikuwa mmoja tu, mdogo wangu Hamisi, askari aliyekuwa kambini mbali sana na huku.

Upande wa mwanaume walikuja mara mbili wakarudi bila jibu. Kila nikimpigia Hamisi, alinijibu, "Dada, ruhusa imegoma. Nivumilie mpaka mvua zikatike."

Niliona atatuvunjia harusi. Ningevumilia mwezi mmoja, ningepungukiwa nini?

Sikuvumilia. Asubuhi moja nilimpigia nikijiliza, nikamwambia mama kalazwa hospitali ya Mkomaindo, hali wala hanywi, anamtaja yeye tu. Uongo mtupu! Mama wakati huo alikuwa kwenye foleni ya maji.

Hamisi akasema, "Mwambie anisubiri."

Mkuu wake alimhurumia, akampa nafasi kwenye ndege ya jeshi iliyokuwa inaleta mizigo Mtwara. Nilifurahi, nikatuma ujumbe Lulindi waje Jumamosi. Nilijiona mjanja.

Ndege ile haikufika... Ilikutana na mvua na ukungu mzito, ikagonga mlima. Hakupona mtu.

Maafisa wawili walikuja kuleta taarifa. Waliponieleza, nilianguka chini. Mkubwa wao akaninyanyua, akaniuliza kwa upole, "Na mgonjwa anaendeleaje? Tunaogopa kumshtua."

Kabla sijajibu, mama aliingia na ndoo ya maji kichwani. Wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu," akasema. "Mgonjwa gani?"

Afisa alinitazama, akaitazama ile ndoo. Kisha akavua kofia, akamwomba mama akae.

Zuhura alipojua, aliirudisha posa mwenyewe. Mpaka leo anaishi kwa shangazi yake Masasi, na simu zangu hapokei. Simlaumu.

Mama hakunigombeza. Ningependa anigombeze! Arobaini ilipopita alinikalisha chini, akaniuliza, "Mama Zuhura, ulinizulia ugonjwa gani? Nataka kujua mwanangu alikufa akidhani naumwa nini."

Nikamwambia sikutaja ugonjwa. Nilisema tu kwamba anamtaja Hamisi.

"Basi hilo sasa ni kweli," mama akasema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Ndugu zangu, mkimhitaji mtu, mwambieni shida yenu ilivyo, msimuite kwa ugonjwa ambao haupo. Akichelewa, mngojeni. Mimi wangu sina tena wa kumngoja.