Nyuma ya Gurudumu la Verdiana

Jogoo wa pili akishawika, nyumbani kwa katekista Benedicto hakuna aliyethubutu kuendelea kulala. Mama, jina lake Waisiko, alikuwa zizini anakamua. Baba alikuwa uani na baiskeli mbili, akibonyeza magurudumu kwa kidole gumba kama mtu anayechagua mapapai sokoni. Mabinti zake, Verdiana wa miaka kumi na minne na Robi wa miaka kumi na miwili, walimimina maziwa kwenye keni mbili. Kila keni waliizungushia gunia lililoloweshwa maji ili maziwa yasipate joto, kisha wakaifunga kwenye keria kwa mpira.

Huo ulikuwa mwaka 1956. Maziwa hayo yalikuwa ya hospitali ya misheni, maili nane kutoka kijijini, ng'ambo ya mbuga ya mto Mara. Huko walilelewa watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Shule ya wasichana ilikuwa jirani na hospitali, hivyo mabinti walikabidhi maziwa, wakanawa miguu, wakaingia darasani. Wazee wengine kijijini walinung'unika mno kuona wasichana juu ya baiskeli. Baba aliwauliza kama wao wangependa kuyapeleka hayo maziwa kwa miguu kila siku, na maneno yakaishia hapo.

"Verdiana mbele, Robi nyuma," Baba alisema kila asubuhi. "Robi, gurudumu lako lifuate la dada yako karibu karibu. Usiache nafasi."

"Ndiyo, Baba," Robi alijibu. Mdomo ulijibu, lakini moyoni alikuwa amenuna.

Loo, wivu ulivyomtafuna binti yule! Barabara ilipita juu ya tuta refu lililonyooka, mafunjo huku na mafunjo huku, bila kilima wala mti. Mtu aliyekuwa mbele alionekana kutoka mbali kabisa. Wanawake waliopalilia mashamba ya wimbi pembeni mwa mbuga walinyoosha migongo wakaita, "Verdiana huyoo! Mbio, mama!" Watoto wadogo walikimbia kando yake wakiimba jina lake. Robi alipopita, walikuwa wameshageuka. Yeye alichokiona kila siku ni mgongo wa dada yake, na alichokisikia ni gauni la dada yake likipigapiga pata, pata, pata, tangu mwanzo wa tuta hadi mwisho.

"Na mimi nina miguu," alijisemea. "Na mimi nina baiskeli. Kwani Verdiana ana nini? Anajifanya malkia."

Jioni moja alimuuliza Baba waziwazi kwa nini yeye ni wa nyuma siku zote. Baba alimtazama Verdiana, na Verdiana akainamia chungu cha mboga.

"Ndivyo nilivyopanga," Baba alisema.

Robi aliyaona macho yale yakikutana. Akaamini kabisa kwamba hao wawili wana lao jambo, na kwamba yeye nyumbani pale ni wa kufungia mlango tu.

Alhamisi moja mambo yakazidi. Walipofika hospitali, Sista Selestine, muuguzi wa watoto, aliwapokea mlangoni akiwa amembeba Ouma. Ouma alikuwa na miezi miwili tu. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Robi alimpenda mtoto huyo kuliko wote, kwa sababu kila alipompa kidole, mtoto alikishika asikiachie.

"Tumsifu Yesu Kristu," mabinti walisema.

"Milele, amina. Verdiana, kesho vaa nguo safi. Padri analeta kamera, anataka kupiga picha ya msichana wetu wa maziwa."

Msichana! Mmoja! Robi alikuwa amesimama palepale na keni yake mkononi, jasho likimtiririka.  Siku nzima darasani hakusikia neno la mwalimu. Akapanga lake.

Ijumaa asubuhi, ng'ombe mmoja alileta ukorofi zizini, na Mama akamwita Verdiana aje amshike. Baba alikuwa amekwenda kupiga kengele ya sala. Robi hakungoja. Alifunga keni yake harakaharaka, gunia akaliacha ndani ya ndoo ya maji kwa kuogopa kuchelewa, akaisukuma baiskeli polepole hadi nje ya boma. Alipofika barabarani, akapanda akakanyaga kwa nguvu zake zote.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Wanawake wa wimbi walinyoosha migongo. "Ni nani huyo? Ni Robi! Robi yuko mbele leo!" Robi akapiga kengele ya baiskeli bila sababu. Akajiona kwenye picha ya Padri, amesimama peke yake, keni mbele yake.

Kisha akaingia kwenye tuta, na upepo ukampokea.

Ulitoka mashariki, moja kwa moja usoni, kama kila asubuhi. Lakini Robi hakuwa amewahi kukutana nao hivi. Ulijaa ndani ya gauni lake, likaanza kupiga pata, pata, pata. Ulimtia vumbi machoni. Alikanyaga, na baiskeli ikaenda kama inapita kwenye tope. Kila alipoinua kichwa, barabara ilikuwa ileile, mafunjo ni yaleyale, na mwisho wa tuta uko palepale. Mapaja yakawaka moto. Kifua kikaanza kumbana upande wa kushoto, palepale palipombana masika yaliyopita alipougua nimonia.

Katikati ya tuta alishindwa. Alishuka akawa anasukuma, analia kwa hasira, jua likipanda na kuipiga keni isiyo na gunia.

Mzee Ogola, mvuvi wa kamongo, alikuwa ameketi kando ya barabara akitengeneza mgono wake wa kutegea samaki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Eh, mtoto, leo umekuja kula upepo peke yako? Dada yako yuko wapi?"

"Mimi naweza peke yangu," Robi alisema huku akipangusa kamasi.

Mzee Ogola alicheka kidogo. "Nakaa hapa kila siku. Nawaona asubuhi mkienda, upepo wa nchi kavu unampiga yeye. Jioni mkirudi, upepo wa ziwani unampiga yeye. Wewe umejibanza nyuma yake kama kifaranga, wala nywele hazitikisiki. Nilidhani unajua."

Robi alilitazama gauni lake lililokuwa likipepea. Hakuwa akijua. Mwaka mzima alikuwa akilisikia gauni la Verdiana likipigapiga, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini la kwake lilikuwa limetulia.

Baada ya muda Verdiana alitokea nyuma yao juu ya baiskeli, keni yake imezungushiwa gunia bichi, anahema, magoti yametapakaa tope. Alikuwa amemtafuta Robi nyuma ya nyumba, akateremka hadi kisimani kwa kuhofia kwamba amezidiwa ghafla au ameteleza majini. Muda mwingi ulikuwa umepita kabla hajakumbuka kutazama baiskeli na kuona alama ya gurudumu barabarani.

Robi alingoja matusi. Alijua anastahili.

"Kifua kinakuuma?" Verdiana aliuliza.

"Kinauma."

"Basi panda. Kaa nyuma ya gurudumu langu, usiache nafasi. Ouma hajanywa kitu."

Verdiana akatangulia. Robi akamfuata, na upepo ukapotea kana kwamba mtu amefunga dirisha. Safari hii Robi hakutazama mafunjo wala watu. Alitazama mgongo wa dada yake ulivyoinama, shingo ilivyolowa jasho, na jinsi alivyogeuka kila mara kuhakikisha mdogo wake yupo. Machozi yakamtoka upya, na hayakuwa ya hasira.

Walipokaribia hospitali walisikia vilio vya watoto tangu getini. Sista Selestine hakuuliza kwa nini wamechelewa. Alichukua keni ya Robi kwanza, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaiweka motoni. Mara yakakatika. Mabonge meupe yakaelea juu ya maji ya kijani.

"Haya yameharibika," Sista alisema. "Keni ilikuwa ya moto. Gunia liko wapi?"

Akapika ya Verdiana. Robi alisimama amefumbata mikono, macho kwenye sufuria. Kama na hayo yangekatika, Ouma angekunywa nini? Sufuria ikapanda povu. Maziwa yakabaki maziwa. Ouma akapewa yake, akanyonya kwa pupa hadi akalala. Lakini yalitosha kwa wachanga tu. Watoto wakubwa wa wodini siku hiyo walikunywa uji mkavu, usio na maziwa.

Robi angeweza kunyamaza. Sista alikuwa anadhani baiskeli iliharibika njiani, na Verdiana hakuwa amefungua mdomo.

"Sista, ni mimi," Robi alisema. "Gunia niliacha nyumbani. Nilimtoroka dada. Nilitaka nifike wa kwanza nipigwe picha mimi."

Sista Selestine alimgeukia. "Asante kwa kusema kweli," alijibu. "Sasa nenda ukaisugue hiyo keni kwa maji ya moto, mara tatu."

Padri alipokuja na kamera, Verdiana alikataa kusimama bila mdogo wake. Robi akaja mikono ikinuka maziwa machachu, na hakuna aliyemwambia asimame wapi. Alikwenda mwenyewe kusimama nyuma.

Jioni alimweleza Baba kila kitu. Baba akamwita Verdiana aketi pamoja nao.

"Robi, ulipotoka hospitalini masika yale, daktari alisema usiendeshe kwenye upepo. Mimi nikasema basi utaacha shule. Dada yako akanisihi. Akasema, 'Baba, mimi nitakaa mbele, upepo utanipiga mimi.' Akanikataza nisikuambie, kwa sababu ulikuwa ukilia ukiitwa mgonjwa. Pale nilikosea. Ningekuambia, usingekaa na kinyongo mwaka mzima."

Robi alimshika dada yake mkono. 

"Wewe ulikuwa unahesabu watu wanaomwita jina," Baba akaendelea. "Hukuhesabu anachokipata usoni. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu, unakuonyesha nafasi ya mwenzako na kukuficha kazi yake. Siku nyingine roho ikikuuma kwa sababu ya mtu aliyetangulia, uliza kwanza amebeba nini. Na leo watoto wa watu wamekunywa uji mkavu kwa ajili ya picha. Hilo usilisahau."

"Sitasahau, Baba."

Jumatatu Robi alilowesha magunia yote mawili mwenyewe. Daktari wa hospitali alikuwa amemsikiliza kifua Jumapili baada ya misa, akasema kimepona, anaweza kujaribu kidogokidogo. Basi walipofika mwanzo wa tuta, alimpita dada yake.

"Mpaka kwa Mzee Ogola tu," alisema. "Kaa nyuma yangu, dada. Usiache nafasi."

Upepo ukampiga, gauni likaanza pata, pata, pata. "Robi huyoo!" wanawake wa wimbi waliita kutoka mbali. "Mbio, mama!" Robi hakupiga kengele wala hakugeuka kuwaangalia. Alikuwa ameinama anakanyaga, na sikio lake lilikuwa nyuma, kulisikiliza gauni la Verdiana. Lilikuwa limetulia.