Tezi Nne kati ya Kumi na Tisa

Siku Mudathir alipomwona Shamsia kwa mara ya kwanza, alimtia hasara.

Ilikuwa siku ya mnada Katesh. Mitumba imetandazwa chini, mbuzi wanalia, moshi wa nyama choma umetanda, na upepo wa mlima Hanang unapeperusha kila kisichofungwa. Mudathir, mkaguzi wa nyama aliyehamishiwa hapo wiki iliyotangulia kutoka Dongobesh, alisimama kwenye banda la kuchinjia na koti lake jeupe, mabuti hadi magotini, kisu mkononi. Mbele yake lilitundikwa dume nene la ng'ombe lililotoka kijiji cha Dirma. Mwenye mali alikuwa dada mrefu wa ushungi wa kijani, kitenge kimefungwa juu ya sweta, ambaye aliendesha bucha la marehemu baba yake na hakuwa na desturi ya kubembeleza mtu.

"Dada, huyu haliwi," Mudathir alisema.

"Haliwi na nani? Wewe kama umeshiba, wenzako wana njaa."

Watu wakacheka. Mudathir naye alitaka kucheka, ila kazi ni kazi. Alipasua tezi moja baada ya nyingine, vile vinundu vinavyojificha kwenye mafuta na ambavyo hunasa ugonjwa unapopita mwilini.

"Tazama. Hii ya kifuani ina usaha. Hii ya kwenye ini, vilevile. Na hii ya pajani. Ingekuwa sehemu moja, ningekata hapo nikakuachia inayobaki. Ukishaenea huku na huku, anatupwa mzima."

"Huna hata huruma?"

"Ninayo. Nawahurumia watakaomla."

Dume likamwagiwa dizeli na kuchomwa moto. Shamsia hakuondoka. Alisimama akitazama hadi mwisho, mikono kifuani, akimkata Mudathir jicho kila baada ya muda. Mwanamume mwenye akili angelikwepa jicho lile. Mudathir yeye alilala akiliwaza, na kesho yake akaenda buchani.

"Nusu kilo, tafadhali."

"Umeikagua?"

"Niliikagua asubuhi."

"Ikague tena, labda imeugua njiani." Akampimia, akamtupia mfuko.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Wiki ya tatu Shamsia akashika kiuno. "Dokta, mtu mmoja anamalizaje nusu kilo kila siku?"

"Nampa paka wa jirani."

"Huyo paka ana bahati kuliko wewe."

"Basi nionee huruma na mimi."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa maneno ya ubishi juu ya meza ya bucha, na yakaendelea hivyo kwa mwaka na nusu. Simu zilikuwa za asubuhi na za mchana. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula." "Muongo wewe, nasikia tumbo linanguruma hadi huku." Wakakubaliana kwamba baada ya mavuno Mudathir atatuma mshenga kwa Mzee Abdulrahim, baba mdogo wa Shamsia aliyemlea tangu baba yake afariki.

Kabla ya mavuno, tumbo likaanza kumsumbua. Mudathir alishiba kwa matonge matatu. Suruali zikamlegea, akatoboa mkanda tundu jipya, kisha jingine. Kwa miezi minne alimeza dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa. Siku alipotapika kitu cheusi, dada yake Samira alimpakia kwenye gari wakaenda hospitali ya rufaa. Shamsia aliambiwa ni vidonda, kipande cha tumbo kitaondolewa, usiwe na wasiwasi.

Majibu ya maabara yalitoka wiki tatu baada ya upasuaji. Daktari Philomena, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, alimwekea karatasi mezani.

"Ni saratani ya tumbo. Tulichokiona tumekiondoa. Pamoja na tumbo tuliondoa mafuta yake yenye tezi. Maabara wamehesabu tezi kumi na tisa. Nne zina saratani."

"Zilikuwa wapi hizo nne?"

Daktari alishangaa kidogo. Wagonjwa hawaulizi hivyo. "Mbili kando ya tumbo. Moja karibu na wengu. Moja kwenye shina la mshipa mkubwa."

"Huku na huku," Mudathir alisema polepole.

"Zote ni za eneo lilelile tulilolisafisha. Sikiliza, kaka yangu. Idadi hiyo ndiyo inayotusaidia kukisia. Watu kumi wenye majibu kama yako, wakimaliza dawa za dripu, wanne hivi wanafika miaka mitano na kuendelea. Sijui wewe ni yupi kati yao. Karatasi hii inasema juu ya kundi, haimsemi mtu. Dawa tunaanza Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia leo."

Mudathir aliitikia kwa kichwa, lakini masikio yalikuwa yameshaziba. Miaka tisa alikuwa akipasua tezi. Kanuni aliijua kwa mikono yake. Alitoka nje, akaketi kwenye benchi, akampigia Shamsia.

"Mpenzi! Umetoka? Nimekutengea mifupa ya supu..."

"Shamsia, usinisubiri."

"Nisikusubiri mpaka saa ngapi?"

"Usinisubiri kabisa. Tafuta mtu mwingine."

Na wakati huohuo mlango ukafunguka nyuma yake, Daktari Philomena akaita kwa sauti yake ya upole, "Mudathir, rudi ndani kidogo, umesahau kitu."

"Nani huyo?" Shamsia aliuliza.

Angeweza kusema daktari. Neno moja tu. Aliliangalia neno hilo likipita, akaliacha liende, kwa sababu aliona hasira itamfaa Shamsia kuliko huzuni. Wanaume wengine hufanya ukatili wakidhani ni zawadi.

"Ndiyo kama ulivyosikia," akasema.

Simu ikakatwa upande wa pili.

Wiki mbili alikaa Nangwa kwa Samira, akinywa uji kikombe kidogo kidogo, akitazama mahindi yakikauka shambani. Usiku na mchana alikuwa na jambo moja rohoni: hatarudi hospitali. Kwa nini wahangaike na kilichokwisha kukataliwa? Samira alipomuuliza juu ya Jumatatu, alisema tutaona. Kila simu ilipolia aliirukia, na kila mara hakuwa Shamsia.

Alhamisi Samira alikwenda Katesh kununua mifupa. Aliingia bucha la Shamsia, ambaye alimjua kuwa mchumba wa kaka yake, na kwa kudhani wifi anajua kila kitu, akamwambia, "Tumwombee tu, wifi. Zile tezi nne zimemkatisha tamaa. Hataki hata dawa, na yule mama daktari anamsubiri Jumatatu."

Samira aliporudi nyumbani hakuwa peke yake. Nyuma yake, kwenye bodaboda ya pili, alishuka Shamsia na aproni yake ya kazi, ya damu vilevile, ushungi umefungwa kombo. Hakusalimia. Mudathir alisimama kwenye baraza, shati likimpwaya, akatamani ardhi immeze.

"Yule mwanamke ni daktari," Shamsia alisema.

"Ni daktari."

"Nimemlaani siku kumi na nne mwanamke wa watu anayekutibu! Na wewe nimekulaani zaidi. Kwa nini, Mudathir?"

"Ulikuwepo siku ya mnada. Uliona. Ukishaenea huku na huku..."

"Anatupwa mzima. Nakumbuka, lilikuwa dume langu." Alisogea hadi karibu, akishusha sauti. "Lakini yule alikuwa ameshachinjwa. Wote unaowapasua wameshachinjwa. Hujawahi hata siku moja kumkagua ng'ombe ambaye kesho yake anaamka. Wewe umeamka leo. Umekunywa uji. Kanuni yako inakujuaje wewe?"

Mudathir alikaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa viganja.

"Ni wanne kati ya kumi, Shamsia. Sita wanakufa. Nikiwa katika wale sita?"

"Basi nitakaa eda."

Akanyanyua uso.

"Nitakaa ndani miezi minne na siku kumi, watu waje, waniite mjane wako, wanipe pole. Sasa hivi ukifa mimi nitakaa nini? Kesho yake nitafungua bucha. Mtu atakuja kuomba nusu kilo, nitampimia, na hakuna atakayejua nimefiwa na nani. Ndicho ulichotaka kunipa?"

Samira, aliyekuwa mlangoni na mifupa mkononi, aliingia ndani taratibu na kurudishia mlango.

"Sikuliwaza hilo," Mudathir alisema.

"Najua. Uliwaza kufa tu." Alichuchumaa mbele yake. "Nakupenda, mjinga wewe. Hao wanne nawataka. Na kama ni sita, nawataka pia, ila niwe nina jina."

Jirani alipita na ng'ombe wake, akawasalimia, wakamwitikia wote wawili kama watu waliokuwa wanazungumzia mvua. Kisha Mudathir akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mudathir, mkaguzi. Naomba kumwoa Shamsia."

Mzee Abdulrahim alikohoa kwa mshangao. "Jambo hili linasemwa kwenye simu? Mshenga wako yuko wapi?"

"Naomba radhi, mzee. Jumatatu naanza dawa. Ningependa iwe kabla ya hapo."

"Nilisikia ulipasuliwa. Umepona?"

Mudathir alimtazama Shamsia. Angeweza kusema ndiyo, na mzee angefurahi.

"Hapana, mzee. Na sijui kama nitapona."

Upande wa pili ulisikika mlio wa cherehani, na redio kwa mbali.

"Binti yangu analijua hilo?"

"Yuko hapa. Anakusikia."

Mzee alivuta pumzi. "Basi kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Njoo na mashahidi wako. Na hiyo Jumatatu msichelewe hospitali."

Shamsia, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu ashuke kwenye bodaboda, akajifunika uso kwa ushungi na kulia kwa sauti, na Mudathir akamwacha alie.