Korongo la Kimutai

Kila mwaka baada ya mvua, Kimutai wa Olenguruone alikuwa na kazi moja isiyokwisha: kuziba korongo lililochimbwa na maji shambani mwake. Alitupa humo matawi, mawe na udongo. Mvua ikirudi, iliondoka na vyote, pamoja na kipande kingine cha shamba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kimutai aliziba sana, na ukuta ukazidi kubomoka.

Mwaka wa 1956, korongo lilibakiza hatua sita kuifikia nyumba. Mkewe, Chepkosgei, alizihesabu kila asubuhi akienda kukamua. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa.

Siku moja akapita bwana shamba, Nyongesa, mtu wa Bungoma asiye na haraka.

"Habari, mzee. Unaziba shimo?"

"Naziba. Na wewe umeleta amri ya kuchimba?" Kimutai hakuinua macho. Siku zile za ukoloni watu walichimbishwa mitaro kwa lazima, na mabwana shamba hawakupendwa.

"Leo sina amri. Nauliza tu. Hii maji inatoka wapi?"

"Mbinguni."

Chepkosgei akacheka. "Inatoka huko juu," akasema. "Kwa njia ya ng'ombe."

Wakapanda wote watatu. Njia ya ng'ombe ilishuka mlima moja kwa moja. Kwato zilikuwa zimeichimba mpaka ikawa mfereji.

"Mzee, korongo inazaliwa hapa," Nyongesa akasema. "Wewe unaziba huko chini, na maji inaanza mbio huku juu. Maji ikikimbia, inabeba udongo. Ikitembea, udongo inapata nafasi ya kunywa."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuchimbe mtaro wa kukata mlima kwa upana, tupande nyasi ya nepia kando yake. Maji itaenda polepole mpaka kwa ile uwanja ya nyasi pale kando. Na ng'ombe wapite kule kwa kuzunguka."

"Mtaro utapita wapi?" Chepkosgei akauliza.

Nyongesa akaonyesha kwa fimbo. Chepkosgei akaifuata fimbo kwa macho. Mtaro ungepita katikati ya kipande chake, shamba pekee ambalo mahindi yake aliyauza au kuyagawa bila kuulizwa na mtu. Alikipenda kipande kile.

Kimutai akatazama kando. "Hiyo ni ya mama watoto. Mimi siwezi kusema."

Chepkosgei akakitembea kipande chake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Chimbeni," akasema mwishowe. "Nyumba ikienda na maji, hiyo mahindi nitapikia wapi?"

Walichimba wiki mbili. Nyongesa alitumia kamba na pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, ili mtaro uinamie upande mmoja kidogo tu. Korongo wakalizungushia miiba, ng'ombe wasiingie, na ndani wakapanda nyasi.

Mvua ya Aprili ilipokuja, Chepkosgei alisimama mlangoni. Maji yalishuka kwa kishindo, yakafika mtaroni, yakageuka, yakatembea. Asubuhi alihesabu hatua zake. Zilikuwa sita bado. Alikaa chini kwenye tope, akalia kwa furaha.

Mwaka uliofuata korongo lilikuwa limejaa nyasi, na majirani walikuja kutazama. Kimutai aliwaeleza kana kwamba alizaliwa na pima maji mkononi. Chepkosgei alimwacha aseme.

Msimu wa kupanda ulipofika, Kimutai aliingiza ng'ombe wa kulima katika shamba lake mwenyewe, penye udongo mweusi. Alilima sehemu kubwa, akiukata mlima kwa upana, kisha akamwita mkewe.

"Hii ni yako," akasema. "Na mahindi yake ikienda wapi, mimi sitauliza."

Chepkosgei akaenda kuleta mbegu.