Pumzi Ndani ya Diski

Siku ile hadithi ilizidi kwa pumzi moja.

Aliyeitambua ni Emmanuella. Alikuwa na miaka saba, na hadithi kumi na moja alizorekodi mama yake alizijua zote: mahali pa kucheka, mahali maman alipokohoa, mahali pikipiki ilipopita nje. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu haigusi chini, akisikiliza kama kila siku baada ya masomo.

"Papa," alisema, "maman hapumuake pale."

Philémon alikuwa ameinamia kompyuta ya mteja, bisibisi mdomoni. "Pale wapi?"

"Pale mbuzi anafika ku daraja. Anapumua sana, sawa mutu anakimbia."

Philémon alisikiliza. Ndani ya spika mtu alivuta pumzi, ndefu na nzito, kisha sauti ya Martine ikaendelea. Na katika chumba kile cha mbele cha nyumba yao ya mtaa wa Ibanda, ambacho ndicho kilikuwa karakana yake, kulinuka udongo mbichi. Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano.

Martine alikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Jioni, akimaliza kusahihisha madaftari, aliketi mle karakanani mbele ya kompyuta yao wenyewe na kurekodi hadithi kwa ajili ya binti yake na wanafunzi wake. Kila moja aliimaliza kwa maneno yale yale: "Funga macho. Mi niko hapa." Ya kumi na moja tu, ile ya mbuzi wa kijiji cha Miti aliyekwenda kumtafuta mama yake, haikumalizika. Mteja aliingia, Martine akasema ataimaliza kesho. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Kesho yake mvua iliuangusha ukuta ulio juu ya barabara, na udongo ukamfunika pamoja na mfuko wake wa madaftari.

Kilichobaki cha sauti yake kilikuwa ndani ya diski moja. Philémon, aliyewahimiza wateja wote watunze nakala, yeye hakuwa na nakala yoyote. Tangu mazishi, kila alipotaka kuanza, mkono ulikataa.

Siku ya pili hadithi ya kwanza ilikuwa imetoweka. Mahali pake palisikika kitu kinachotafuna, kru, kru, kama panya ndani ya mahindi, halafu sauti ya Martine, karibu sana na kipaza sauti: "Fungua. Huku iko baridi."

Emmanuella alishuka kitini polepole. "Ile haiko maman."

"Nani alikuambia?"

"Maman akimaliza, asemaka nifunge macho. Ule hasemake. Hajue."

Guylain, jirani aliyekuwa akiuza unité, vocha za simu, mlangoni, aliingiza kichwa. "Papa Emma, sasa unaongeaka na mashine? Tukutafutie bibi mungine, ama tukupeleke kwa munganga?" Alikuwa bado anacheka harufu ilipomfikia. Kicheko kikamkauka. "Yezu. Ni nini munazika humu?"

Philémon alijaribu kunakili zile zilizobaki. Alichomeka flash, akangoja, akafungua. Ndani ya flash kulikuwa na nusu saa ya udongo unaoporomoka, na kila aliponakili hadithi nyingine aliukuta ule ule, na kule kwenye diski hadithi zilikuwa zikiisha moja baada ya nyingine, mpaka siku ya Alhamisi ikabaki moja tu, ile isiyo na mwisho.

Ndipo alipokwenda kwa Maman Adélaïde, mama mzee wa maombi ambaye Guylain alimwelekeza. Aliwahi kutoa pepo katika nyumba nyingi, na hakutaka kelele. Alimsikiliza hadi mwisho, rozari ikiwa mapajani.

"Ile maneno ya mwisho," aliuliza kwa sauti ya chini, "imeshayasema?"

"Hapana, maman. Ikifika pale inanyamazaka."

"Basi haijamukamata muzima. Inajifunza. Mwanangu, mi sijue mambo ya ordinateur. Lakini ile diski, itoshe mule ndani wakati imelala, uniletee. Ukiitosha ingali macho, itabeba yote. Unasikia? Yote."

Philémon aliitikia kwa kichwa. Kazi yake ilikuwa na sharti hilo hilo la kutoa diski. Vijana wote waliowahi kujifunza kwake aliwafundisha: zima mashine, chomoa waya, hesabu hadi thelathini, kisha weka kidole juu ya diski, ukihisi inatetemeka, usiichomoe. Ndani yake kuna sahani inayokimbia, na juu ya sahani kuna mkono mdogo unaosoma bila kugusa. Ukiitikisa ingali inazunguka, mkono ule huanguka na kuchana kila kitu.

Alipofika nyumbani alimkuta Emmanuella amesimama mlangoni, mkoba bado mgongoni.

"Papa, iko inakula ya mbuzi."

Philémon aliingia mbio, akasikia kru, kru, na ndani yake sauti ya Martine ikikatika neno kwa neno, akanyoosha mkono ili aizime mashine kama inavyotakiwa, na wakati huo huo umeme wa mtaa mzima ukakatika: kioo kikawa cheusi, spika zikanyamaza, taa ikafa, redio ya Guylain ikakatika katikati ya wimbo, na kimya kikaingia chumbani, kikubwa na chenye unyevu, naye akadhani Mungu amemzimia mashine, akafungua ubavu wa mashine ambao hakuwa ameufunga kwa siku nyingi, na kwa hofu kwamba umeme ungerudi kabla hajahesabu hata tano, akavuta waya, akaichomoa diski na kuigeuza mkononi.

Diski ilikataa kugeuka.

Ilijipinda kiganjani kama kuku asiyetaka kushikwa. Ndani yake kitu kililia, kilio chembamba cha chuma juu ya kioo, kisha kikakatika.

Ndipo akaiona taa ndogo ya kijani karibu na mguu wake. Onduleur. Lile sanduku la betri lilikuwa bado linailisha mashine; kioo na spika tu ndivyo vilivyotegemea umeme wa ukutani. Kila onduleur hupiga kengele umeme unapokatika. Hii haikupiga, kwa sababu miaka saba iliyopita, mtoto akiwa mchanga na umeme ukikatika mara kumi kwa siku, Martine alimwambia: "Philé, tosha ile kengele, mutoto alale." Naye alikata waya wake kwa mkono huu huu.

Diski haikusomeka tena, wala Maman Adélaïde hakukubali kuipokea. Aliishika kidogo, akairudisha ndani ya kitambaa. "Iliamuka," alisema. "Imebeba yote." Alimshika Philémon mkono, akalia naye.

Harufu ya udongo iliondoka. Wateja wakarudi. Philémon aliiweka diski juu kabisa ya kabati, haina waya, haina mashine, kwa sababu hakuweza kuitupa.

Wiki mbili baadaye, saa tisa mchana, alitoka uani akamkuta Emmanuella amepanda kiti, kitambaa kimefunguliwa, diski ipo sikioni mwake.

"Papa, kuya usikie," alinong'ona. "Maman anamaliza."

Philémon alikaribia. Aliweka kidole juu ya diski. Ilikuwa inatetemeka. Na kutoka ndani, taratibu, katika sauti ambayo angeijua kati ya sauti elfu, mbuzi wa Miti alivuka daraja, akashuka chini, chini sana, akamkuta mama yake ndani ya udongo, na mama akamwambia nafasi iko, ingia.

Philémon alinyoosha mkono ili amnyang'anye. Mkono ulikataa. Alijikuta anangoja, machozi yakimdondokea shingoni, akijiambia kwamba ile haiko yeye, kwamba maneno ya mwisho haiyajui, haikuyajua kamwe.

"Funga macho," Martine alisema. "Mi niko hapa."

Emmanuella akafunga macho.