Shimo la Ato Getaneh

Walipomfukua Ato Getaneh Zewge, bwana mkandarasi mwenyewe, mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu, kama mtu anayeomba kuvutwa. Udongo mweusi ulikuwa umemjaa kinywani, puani na chini ya kucha. Hakufa papo hapo.

Shimo lilikuwa la msingi wa nguzo kuu ya ghorofa mpya, upande wa mashariki wa Addis Ababa. Jembamba, refu kwenda chini kama kisima. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mafundi wote wako kanisani. Ukuta mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka wote.

"Ni mvua tu, mkuu," alisema konstebo. "Udongo huu ukinywa maji hauna adabu."

Inspekta Shiferaw alikuwa akiitazama ngazi. Ililala juu, kwenye majani, ina tope miguuni tu.

"Marehemu alishukaje?"

"Kwa ngazi, mkuu."

"Kisha akafukiwa, akafufuka akaipandisha?"

Konstebo akaigeukia ngazi.

Shiferaw alichutama penye jeki za chuma zilizotolewa pamoja na maiti. Ndizo zilizokuwa zimekingama shimoni, zikizisukuma mbao za ukuta huu na wa pili ili udongo usije. Alizipapasa moja moja. Zote zimenyooka. Parafujo zake zilikuwa zimerudishwa ndani, na grisi yake bado mbichi.

"Udongo ukiishinda jeki, huipinda," alisema polepole. "Hizi hazikushindwa. Zimelegezwa."

Akapanda ukingoni. Lundo kubwa la kifusi lilikuwa limemwagwa pale pale mdomoni mwa shimo, zito la kuuelemea ukuta. Nyuma yake kulikuwa na ufa mrefu, na mfereji mdogo uliochimbwa kwa jembe ukiyaleta maji ya mvua moja kwa moja ndani ya ufa huo. Shiferaw alikulia kwenye udongo wa namna hiyo, na aliona mara moja kwamba mkono uliochimba mfereji ule ulijua unachokitaka.

Zenebech, mama aliyewapikia mafundi kahawa na mchuzi wa shiro, alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake cha mabati. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa vipande vya ubao, akingoja gari la hospitali.

"Pole, mama. Ulisikia nini?"

"Kishindo. Nikakimbia. Nikauona mkono wake unachezacheza juu ya udongo, mwanangu! Ningemwacha?"

"Ngazi ilikuwa wapi?"

"Ngazi gani? Nilijitupa tu. Nikachimba kwa vidole. Mara ukuta ukashuka tena, ukanivunja." Akafuta machozi kwa ncha ya shali. "Hakuwa mtu mwema, Mungu anisamehe. Lakini hata mbwa humwachi afe hivyo."

"Ulimwona mtu mwingine?"

"Sikumwona mtu. Nilikuwa nachochea moto."

Dereva wa katapila, mzee Demissew, aliletwa kutoka kanisani akiwa bado kwenye vazi lake jeupe.

"Gashe Demissew, kifusi hiki umekimwaga wewe?"

"Mimi. Jana jioni."

"Ukingoni? Mtu mzima wewe?"

"Usinitukane bure, Inspekta! Niliamriwa. Tena nilishangaa, maana aliyeniamuru ndiye hutupigia kelele kila siku, tusilundike udongo karibu na shimo. Nikamuuliza, 'Leo umeamkia upande gani?' Akasema fanya."

"Nani?"

"Mhandisi wetu wa udongo. Meaza."

Simu ya marehemu ilimaliza kazi. Mtu wa mwisho kumpigia, asubuhi ile ile, alikuwa Meaza.

Walimkuta nyumbani kwake. Hakukimbia, wala hakuuliza kulikoni. Alivaa viatu, akafunga mlango, akaingia garini. Kituoni alikaa wima, viganja juu ya meza.

"Ulimwita Getaneh kiwanjani. Kwa nini?"

"Nilimwambia chini ya shimo pana udongo laini. Aje aone kwa macho yake kabla ya kumwaga zege."

"Palikuwa na ulaini?"

"Hapakuwa."

"Jeki?"

"Za chini nilizilegeza alfajiri. Ya juu, inayofikika kutoka ukingoni, nikaiacha."

Konstebo, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Hakutarajia maji yafuate mkondo upesi hivyo. Shiferaw naye hakupenda. Mtu anayekiri hivyo huwa ameficha jambo zito zaidi, au hajali tena.

"Ulipiga hesabu zako vizuri, mhandisi."

"Ndiyo kazi yangu."

"Uzito wa kifusi, maji, ufa. Vyote?"

"Vyote."

"Na Zenebech ulimpigia hesabu?"

Meaza alikunja uso. "Zenebech amefanya nini?"

"Alijitupa shimoni kumwokoa. Ukuta ukamshukia. Mkono umevunjika pawili. Daktari hajui kama utakunjuka tena."

Viganja viliondoka mezani. Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alionekana mdogo.

"Jumapili huwa hayupo," alinong'ona. "Huwa kanisani. Hakuna... hakutakiwa kuwepo mtu." Akajifunika uso. Alipoufunua, sauti ilikuwa nyingine. "Andikeni. Nitasema yote."

"Anza na sababu."

"Endale. Mume wangu. Alikuwa fundi wa kuzuia kuta za mashimo, kule Kality, chini ya Getaneh huyo huyo. Jeki zilikuwa chache, na shimo la pili lilikuwa likingoja. Getaneh akaamuru zing'olewe upande mmoja zipelekwe kwingine, na watu bado wako chini. Endale akamwambia, 'Ato Getaneh, ukuta huu utatuua.' Akamjibu, 'Mwoga akauze nyanya sokoni.' Mume wangu hakupenda kuitwa mwoga. Akashuka."

Alivirudisha viganja mezani.

"Mahakamani walisema ajali. Mvua, eti. Maneno hayo hayo mngeyasema nyinyi leo."

Konstebo aliinama juu ya karatasi yake.

"Getaneh akakuajiri bila kukujua?" Shiferaw aliuliza.

"Angenijuaje? Kwetu mke habebi jina la mume. Na msibani hakuja. Tulikaa hemani, watu wakaja hata wa mtaa wa mbali, wasiotujua. Yeye hakuja. Angekuja hata kusimama mlangoni, angeujua uso wangu, na mimi nisingepata kazi kwake. Nilipoomba kazi alinichekea, akaniagizia kahawa."

"Kwa hiyo ulikwenda pale kumuua tu."

"Hapana!" Alipiga meza. "Sikiliza vizuri, Inspekta, hili ndilo nataka liandikwe. Nilimwachia njia. Alipofika chini niliivuta ngazi, nikamwambia, 'Jeki iliyobaki ni moja, na mpini wake ninao mimi.' Akacheka, akadhani mzaha. Kisha akazitazama za chini. Akaacha kucheka."

"Akakuomba?"

"Aliomba, aliapa, alilia. Nikamwambia sitaki kilio. Mimi ni mke wa Endale. Niambie ulichomfanyia, kwa kinywa chako, nikurudishie ngazi uende zako. Naapa kwa Mariamu, ningeirudisha. Niliishika tayari kwa mkono huu."

"Akasema nini?"

Meaza alimtazama Inspekta machoni, na chuki iliyokuwa imekaa kimya moyoni mwake miaka yote ile ikapanda usoni waziwazi.

"Aliinua kichwa. Akawaza. Alijitahidi kweli, nilimwona anajitahidi. Kisha akaniuliza, 'Endale yupi?'"



"Nikaitupa ngazi," alisema Meaza, "nikauzungusha mpini."