Fundi Balthazar Arudi Kupimwa Kibofu

Mtaa wa Bertrams, makazi ya wahamiaji wa Kiafrika, una mafundi cherehani wengi, lakini Balthazar ni mmoja tu. Inasemekana Mkongo huyu aliwahi kumshonea nyoka suruali, na nyoka akarudi kulalamika kwamba inambana.

Mwaka jana Balthazar alianza kukojoa damu. Haikumuuma, kwa hiyo akanyamaza. Mkewe, Victorine, alipoiona chooni, alimpeleka hospitali akimsukuma mgongoni. Madaktari wakakuta saratani ya kibofu. Wakaitoa kwa kupitia njia ya mkojo, wakamwambia arudi kuchunguzwa baada ya miezi mitatu.

Alipata nafuu haraka. Jumapili moja akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema amepona kabisa, saratani imekimbilia baharini na haina nauli ya kurudi. Watu waliimba mpaka vioo vikatetemeka. Victorine akapika fufu ya muhogo na sombe, yaani kisamvu, kwa shukrani.

Miezi mitatu ikafika. Balthazar hakwenda. Akionekana kwenye foleni ya hospitali, alimwambia mkewe, watu watasema ushuhuda wake ulikuwa wa uongo. Tena mwenzake mweusi aliyelazwa pamoja naye alikuwa amekwisha kufa, na Mzungu wa kitanda cha pili bado anatembeza mbwa. Damu yetu ndivyo ilivyo, akasema.

Victorine alipanda ngazi kumwita jirani yao Orpha, Mrundi, muuguzi wa wodi ya magonjwa ya mkojo. Orpha akashuka akiwa bado na sare.

"Papa Balthazar, nani kakwambia ni damu yetu inayotuua?"

"Macho yangu. Sisi tunazikwa, wao wanatembeza mbwa."

"Sikufichi. Baada ya upasuaji huu, watu weusi wengi zaidi hufa. Lakini angalia sababu. Wengi wetu tunafika ugonjwa umeshakua. Mwingine alikwenda mapema, akapewa vidonge tu, asipimwe. Mwingine alielezwa kwa Kiingereza cha mbio, akaitikia bila kuelewa. Halafu harudi. Na saratani hii hupenda kurudi, Papa. Mwanzoni haipigi hodi. Ni kamera inayoingizwa kibofuni ndiyo inayoiona."

"Na ushuhuda wangu je?"

"Ukimshonea bwana harusi suti, humwiti aje kuijaribu?"

"Namwita."

"Kwa hiyo kumwita kunaonyesha hukujua kushona?"

Victorine akacheka mpaka akashika ukuta. Balthazar alijitahidi kukasirika, akashindwa. Orpha akamfundisha aombe mkalimani asipoelewa, asitoke bila kujua tarehe ya kurudi, na akiona damu asiingoje tarehe hiyo. Sigara anazovuta nazo aziache, maana huiita saratani irudi.

Alhamisi wakaenda. Balthazar alimwomba daktari aseme polepole, na daktari akavuta kiti, akaketi. Kamera nyembamba ikaingizwa. Balthazar husimulia kwamba alihisi teksi nzima ya Newtown, lile basi dogo, imeingia na abiria wake. Victorine husema iliwasha kidogo tu. Ndani ya kibofu kulikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya mchele. Ukatolewa kabla haujazama kwenye ukuta wa kibofu.

"Ungekaa mwaka bila kuja," daktari alisema, "huenda tungezungumzia kutoa kibofu chote."

Jumapili Balthazar alisimama tena kanisani.

"Ndugu zangu, ilirudi, ikakamatwa. Ningekaa nyumbani kulinda ushuhuda wangu, mngenichangia jeneza. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru Mama Orpha. Nitarudi kupimwa kila nitakapoitwa, na kila mara nitashukuru."

Mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele, na wengine wakampokea.

Ibada ilipokwisha, shemasi Ezéchiel, mtu mkali asiyecheka hata harusini, alimfuata mpaka getini. Akajifanya anakagua kola ya shati lake. Kisha akanong'ona kwamba mkojo wake umekuwa mwekundu, na hajamwambia mtu.

Balthazar akamshika mkono.

"Kesho asubuhi, shemasi. Nakupitia nyumbani, tunaenda wote."